Sultani Aliyetoka Nje Akafika Kwake

Mimi sikubembelezi uniamini. Waliosoma kunizidi wamejaribu kuitoa kasoro hekaya hii, wakarudi mikono mitupu. Jaribu na wewe.

Hapo zamani, katika mji wa Tumbwe, jumba la Sultani lilikuwa na bawabu jina lake Feruzi. Huyu hakujali sura ya mtu. Alijua amri tu. Na amri zake ziliandikwa kwa chokaa kwenye ubao mmoja langoni: nani aingie, kwa mlango upi, na pembeni sababu yake. Ilikuwapo hata hii: "Mpishi asipite uani, mbuzi wa Sultani hampendi." Likikosewa neno, unafuta kwa kiganja, unaandika jingine, mambo yanaendelea.

Basi akaja Waziri Mselemu, mtu wa mambo mapya. Akasema ubao ni ushamba, amri zifungwe mafundo kwenye kamba. Watu wakajifunza mafundo. Walipokwisha kuyazoea, akasema mafundo yamepitwa, sasa ni shanga ndani ya chungu, tena chungu kisiguswe kwa mkono. Atakaye kubadili amri amwombe Feruzi, na Feruzi asimsikilize ila mwenye shanga yake chunguni. Zile sababu za pembeni hazikupata shanga, zikapotea, na mpishi akapigwa pembe. Watu wakilalamika, Waziri huwajibu, "Kazi hii naifanya bure. Asiyependa na ajenge lango lake."

Ikawa siku moja Sultani Hemedi anarudi kutoka mawindoni, amechoka, ana njaa. Feruzi akachungulia chungu.

"Shanga yako siioni, Maulana."

"Mimi ndiye Sultani."

"Huenda. Kwenye mafundo ulikuwamo."

Waziri akatoa kichwa dirishani. "Umesahaulika tulipohamia shanga, Maulana. Mwombe Feruzi akuongeze."

"Siombwi na asiye na shanga," akasema Feruzi.

"Niombee wewe, Waziri."

"Na mimi nilijisahau, Maulana. Tangu juzi sithubutu kutoka."

Hapo langoni alikuwapo Mwadini, mchukuzi wa maji, fukara wa kutupwa, naye kazuiwa pamoja na ndoo yake ya maji. Sultani akamgeukia. "Wewe unayejitapa sokoni kwa werevu, niingize kabla ya adhuhuri, bila kuvunja lango wala kugusa chungu. Ukishindwa nakufunga."

"Gereza liko ndani, Maulana. Ukipata njia ya kunifikisha huko, sote tumepona."

"Basi nitakukata kichwa hapa hapa."

"Hilo linawezekana," akasema Mwadini, akaanza kufikiri.

Sasa, desturi ya Tumbwe ilikuwa hivi: aketipo Sultani, hata porini, hapo ndipo jumbani, na watu huvua viatu. Mwadini akamwaga maji, akapindua ndoo, akaitandika shuka yake. "Keti, Maulana." Sultani akaketi. Watu wakavua viatu, na Feruzi naye akavua.

"Feruzi, mbona uko miguu mitupu?" akauliza Mwadini.

"Nipo jumbani, mbele ya Sultani."

"Kwa hiyo huku tuliko ni ndani?"

Feruzi akawaza. "Ni ndani."

"Na huko nyuma yako?"

"Kumbe ni nje."

"Anayetoka huulizwa shanga?"

"Anayetoka haulizwi."

"Basi fungua, kaka. Sultani anatoka."

Feruzi akafungua. Sultani akatoka nje, akafika kwake, akala.

Aliposhiba akacheka hata kilemba kikamwanguka. Ubao ukarudishwa langoni, Mwadini akapewa nyumba yenye kisima, na Waziri akaamriwa akae barazani awaeleze watu maana ya kila shanga mpaka waelewe. Hawajaelewa.

Kuna kipande nimekiruka, maana kinaharibu utamu. Shanga zile Waziri hakuzileta kwa siri. Alizileta mbele ya Sultani, akazieleza mchana kutwa, na aliyesema "Vyema, fanyeni" ni Sultani mwenyewe, huku anasinzia. Mwadini alikuwapo siku hiyo, anajaza mitungi, na alisikia kila neno. Pale langoni hakulitaja hilo, wala alipopewa nyumba hakulitaja. Kichwa bado alikuwa anakihitaji.