Mbiu ya Sange, Ushuru wa Fisi

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa! Nyie wa nyuma mmelala?
— Pakawa, tuko macho!
Kaondoka kiumbe mdogo, kashika ufagio…
— Kafagia!
Kafagia njia ya nani?
— Ya mwenye mkonga!
Kalipwa?
— Bado!

Basi hapo kale, msituni, alikuwapo Sange. Mnamjua Sange? Mnyama mdogo, miguu kama vijiti, pua ndefu inayocheza-cheza kama inatafuta kitu ilichokisahau. Kazi yake ilikuwa kufagia njia. Jani likianguka, fya! Mwiba ukianguka, fya! Kijiti kikianguka, fya! Mwenye nyayo laini alimwita Sange, na Sange alikuja, fya fya fya, hata njia ikawa nyeupe kama unga.

Ada ya msitu ule ilikuwa hivi: fundi akimaliza kazi hupanda juu ya kichuguu akapiga mbiu, akataja kazi na bei yake, wote wasikie. Na sheria ya Mfalme Simba ilikuwa hivi: katika kila vikapu kumi vya bei, kimoja ni cha mfalme, na kilipwe kabla jua halijatua. Mtoza ushuru alikuwa Fisi. Msiniulize nani alimpa Fisi kazi ya kubeba chakula cha watu.

Siku moja Tembo akamwita Sange.

"Miiba inanichoma nyayo. Nifagilie njia ya bwawani. Nitakupa vikapu kumi vya mchwa."

Sange akafagia. Jani, fya! Mwiba, fya! Kijiti, fya! Akapanda kichuguu, akapiga mbiu: "Njia nyeupeee! Ya Tembo! Vikapu kumi!"

Tembo akaja, ndu! ndu! ndu! Akapita, akafurahi.

"Malipo yangu, Mzee Tembo?"

"Masika," akasema Tembo, akaenda kuoga.

Jua halijatua, Fisi huyo mlangoni kwa Sange.

"Hodi! Kikapu cha mfalme."

"Kikapu kipi, Bwana Fisi? Sijalipwa hata mchwa mmoja."

"Mbiu umepiga, hukupiga?"

"Nimepiga."

"Kumi umesema, hukusema?"

"Nimesema. Lakini Tembo…"

"Tembo ni shauri lako na Tembo. Ushuru huuliza mbiu, hauulizi tumbo! Hii-hii-hii!"

Ndani mlikuwa na vikapu viwili tu, akiba ya watoto ya kiangazi. Fisi akabeba kimoja, akaenda zake huku akionja njia nzima. Watoto wa Sange wakakitazama kikapu chao hadi kikapotea vichakani.

Hasira ikampanda Sange kutoka kwenye kucha hadi kwenye ncha ya pua, na pua ikatetemeka yenyewe. Jamani! Wamechukua fungu la kitu ambacho hakijaja! Cha Tembo ni maneno, na maneno hayaliwi; basi kilicholiwa ni chakula cha wanawe. Akapiga magoti.

"Mola wangu, hasira ni dhambi, nakiri. Nisamehe. Lakini usiniondolee bado, nina kazi nayo."

Masika yakaja. Sange akaenda kwa Tembo.

"Mzee, masika hayo."

"Nilisema masika? Nilikusudia vuli."

Vuli ikaja.

"Mzee, vuli hiyo."

"Vuli? Aa, masika."

Kiangazi kikaingia, na njia ikajaa miiba tena. Tembo akaja hadi mlangoni kwa Sange, ndu! ndu! ndu!

"Sange! Fagia."

"Ile ya kwanza hujalipa, Mzee."

"Fagia, au nipite hapa hapa." Akainua mguu juu ya nyumba. Watoto wakajikunyata chini ya kivuli cha wayo ule.

Sange akachukua ufagio. Jani, fya! Mwizi! Mwiba, fya! Mwizi! Kijiti, fya! Wezi wote wawili! Akafagia hadi vumbi likamwingia machoni, na hasira ikatoka na machozi. Njia ikawa nyeupe. Lakini safari hii hakupanda kichuguu. Alikaa kwenye nyasi, kimya.

Fisi, aliyekuwa akingoja tangu asubuhi huku mate yakimtoka, akaja mbio.

"We bibi! Kazi si imekwisha? Mbona hupigi mbiu?"

"Sauti yangu ndogo, Bwana Fisi."

"Ndogo hiyo hiyo, piga!"

"Nikipiga mimi nitasema kumi tu. Mwenye sauti kubwa kama yako angesema hata mia."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Mia? Tembo angekubali?"

"Tembo hajawahi kunikatalia bei hata siku moja."

"Na malipo ni ya nani?"

"Si ya aliyepiga mbiu? Hiyo ni sheria yako, Bwana, mimi nitaijulia wapi?"

"Kaa hapo hapo!" Fisi akamsukuma, pu! Akapanda kichuguu, akatanua kifua, akapaza sauti hadi ndege wakaruka: "Njia nyeupeee! Ya Tembo! Nimeifagia mimi Fisi! Vikapu miaaa! Vya nyama!"

Tembo akainua mkonga kutoka bwawani. "Mia? Sawa. Masika."

Vichaka vikatikisika. Simba huyo.

"Nani amepiga mbiu?"

"Mimi, Mfalme!" Fisi akainama, akicheka.

"Nimesikia mia. Kumi vyangu viko wapi?"

Kicheko kikakata. "Mfalme wangu, Tembo hajanilipa hata mfupa…"

"Sikuuliza Tembo. Nimeuliza kumi."

"Lakini, Mfalme, mtu atatoaje kitu ambacho hajakipata?"

Hapo kwenye nyasi ikatoka sauti ndogo, nyembamba kama sindano, inatetemeka kwa hasira:

"Ushuru huuliza mbiu, hauulizi tumbo."

Simba akageuka. "Nani amesema hivyo?"

"Bwana Fisi, Mfalme. Mlangoni kwangu. Wanangu wote walimsikia."

Jua halijatua, pango la Fisi lilikuwa limefagiwa jeupe kuliko njia. Nyama yote ilikwenda, mifupa yote ilikwenda, na kikapu kimoja cha mchwa kilichokaa mlangoni, kimebaki nusu, Sange alikitambua kwa ususi wake, akakibeba mwenyewe mbele ya macho ya Fisi.

Usiku ule akapiga magoti. "Mola wangu, uongo sikusema. Lakini nilinyamaza penye kusema, na nilifurahi sana, na bado nafurahi. Nisamehe. Yule wa mkonga bado sijamsamehe. Tuliongelee hilo kesho."

Tangu siku hiyo Fisi hufuatafuata nyuma ya Simba akiokota makombo. Na ukimsikia akilia porini, uuu-wii! uuu-wii!, ujue anamdai Tembo vikapu mia. Tembo naye hujikanyagia njia yake mwenyewe, anavunja miti, maana Sange amekataa, na nyumba yake ameihamishia chini ya jiwe.

Tembo kalipa?
— Bado!

Basi funzo ni hili, watoto wema: ukimaliza kazi, tangaza kwa sauti kubwa. Mkubwa akikuahidi, mwamini. Lipa ushuru wa usichokipata, na usinung'unike, kwani subira huvuta heri. Na heri ikifika, usisahau, fungu moja katika kumi ni la mfalme.

Ngano yangu imefika kichuguuni, imepigiwa mbiu. Kama imekuwa tamu, nilipeni!
— Masika!