Kapu Lililosahauliwa Dukani kwa Badi

Zamani hizi hizi za vipaza sauti, soko zima la Mtambani lilikuwa na kimoja tu, cha tajiri Badi. Harusi, misiba na vitu vilivyopotea alivitangaza bure, apate sifa. Aliyetaka kutangaziwa biashara alitoa mbuzi.

Mwanakheri, mgeni sokoni, alimwendea.

"Shikamoo, Bwana. Nimefungua biashara, wateja hawanijui."

"Marahaba. Mbuzi yuko wapi?"

"Sina."

"Basi nenda zako!" Hakumwuliza hata anauza nini.

Punde Badi akaona kapu kwenye kaunta. Akafunua, akaonja, akashika kipaza sauti mdomo umejaa.

"Limeokotwa kapu la vitumbua! Vina nazi, vina iliki, vingali moto! Mwenyewe aje!"

Wakaja wenyewe zaidi ya kumi, kila mmoja akiapa kapu ni lake. Mwanakheri akapenya katikati yao.

"Bwana, mwenye kapu ni yule anayejua kupika vingine kama hivi. Wagawie hawa waonje, kisha waje waonje vya kwangu, nyuma ya mashine ya kusaga. Vikitofautiana, mimi mwongo."

"Haki itendeke!" Badi akanguruma, na maneno hayo yote akayarudia kwenye kipaza sauti, pamoja na hiyo mashine ya kusaga.

Soko lote likahamia huko. Jioni Badi alimkuta Mwanakheri akikwangua unga wa mwisho sufuriani.

"Wewe, mtu mzima unasahauje kapu kwenye kaunta yangu?"

"Kapu nililisahau, Bwana," alijibu Mwanakheri. "Ila mbuzi wako sikumsahau."