Kamba ya Bibi Marsali

Wamesimulia wema waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika bahari ya baridi, mbali na pwani ya Uskoti, palikuwa na kisiwa kidogo kisichokuwa na hata mti mmoja. Wa kwanza kukikalia walikuwa watu wa Kitabu waliokimbia dhuluma ya mabwana wa ardhi. Wakamshukuru Mola wao, wakajenga nyumba za mawe, wakaishi kwa ndege wa baharini waliotaga majabalini. Mwindaji aliwafuata ndege hao akining'inia kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe, kamba moja ya kisiwa kizima, iliyorithiwa kizazi hata kizazi.

Kamba hiyo ilikuwa amana ya mtu mmoja. Kila msimu aliipitisha viganjani pima kwa pima, kisha akatamka mbele ya wote, "Amana ni salama." Baada ya hapo hakuna aliyeihakiki tena, kwani kufanya hivyo ni kumtukana mlinzi wake.

Zama zikapita. Maradhi yakachukua wengi, vijana wakafuata merikebu, ng'ombe wakafa. Zikabaki nyumba chache, na mlinzi wa kamba akawa Bibi Marsali, mjane mcha Mungu aliyezika mume na wanawe wote pale pale. Dua yake ilikuwa moja tu, azikwe ubavuni mwao.

Mwaka huo viganja vyake vikafika mahali palipolainika. Chumvi ilikuwa imekula ngozi kwa ndani, na ng'ombe wa kutolea kamba nyingine hawakuwapo tena. Moyo ukampasuka. Bila kamba hakuna ndege, na bila ndege hakuna chakula cha kipupwe. Itawabidi wote wahame. Watu wanamtazama, wanasubiri. Ulimi ukamponyoka: "Amana ni salama."

Torkili, kijana mwenye mtoto mchanga, akajifunga kiunoni akaanza kushuka. Bibi Marsali alisimama akijiambia huenda itastahimili. Kila kamba ilipokaza, roho ilimruka. Mara akamwona mke wa Torkili akinyonyesha, hana wasiwasi hata chembe, na utulivu ule ndio uliomshinda.

"Nimesema uongo!" akapiga ukelele. "Kamba imeoza! Torkili mwanangu, shika mwamba, usiitegemee!"

Torkili akalikumbatia jabali. Akapanda kwa vidole na magoti, polepole, huku walio juu wakiogopa hata kupumua. Alipofika salama, wanaume wawili waliivuta kamba ile, ikakatika mikononi mwao.

Mzee Fingali, aliyewaongoza katika sala, akasema kwa huzuni, "Dada, neno lako limetuhamisha."

"Najua, kaka. Makaburi yangu nayapenda, lakini sikuweza kuyaongezea la Torkili."

Siku ya kuondoka, kila nyumba iliacha bakuli la shayiri kwa yeyote ambaye bahari ingemtupa pale. Ndiyo desturi yao. Upepo ukageuka, nahodha wa merikebu iliyokuja kuwachukua akaita kwa hasira, na Bibi Marsali haonekani. Torkili akarudi mbio, akamkuta akipuliza moto, kamba inaungua.

"Bibi, tutaachwa!"

"Ngoja iishe, mwanangu. Atakayekuja hana habari zetu. Akiikuta imetundikwa ukutani, atadhani ni salama."

Alipofariki, Bibi Marsali akazikwa ugenini, Mola amrehemu. Nasi, ndugu zangu, tulio wepesi wa kuapa "ni salama, ni salama," tumwonee haya mama yule. Yeye aliyahofia maisha ya mtu asiyemjua hata jina, na sisi tunawadanganya majirani zetu.