Nani Aliyelichaji Gari la Mwalimu?

Sogeeni karibu, na mwenye neno la kupinga alimeze kwanza, atalitoa mwisho. Kisa hiki kilitokea Ugweno, kule milimani juu ya Mwanga. Mpaka leo ukitaka kugombanisha watu wa kijiji kile huhitaji pombe. Taja tu mtoto wa Anande.

Palikuwa na wanawake watatu. Shangwe, mkata majani ya ng'ombe, alijaliwa miguu. Alipanda mlima na mzigo kichwani huku wenzake wakishuka mikono mitupu wanahema. Nakijwa, fundi umeme, alijaliwa mikono. Alishika waya akakwambia umetoka wapi, unakwenda wapi, na nani aliuharibu. Bi Rukia, mjane, alijaliwa ardhi, kishamba cha kahawa chenye udongo laini, katika kijiji ambacho wengine wanalima mawe.

Hawakuwa marafiki. Kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na sababu ya kumchukia Mwalimu Senzighe.

Mwalimu Senzighe alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na tangu astaafu kijiji kizima kilikuwa darasa lake. Alikuwa mwepesi wa kufoka na mzito wa kuomba radhi. Lakini tumpe haki yake. Mkewe alifia njiani, amebebwa kwa machela kuelekea hospitali, kwa sababu siku ile hapakuwa na gari. Basi mwanawe wa Dar alipompelekea gari dogo la umeme, Mwalimu alisimama kanisani akatamka, "Hili si la kutembelea. Hili ni la wagonjwa."

Tatizo lilikuwa kulichaji. Nyumba yake iko juu mlimani, na gari haliwezi kufika. Banda la gari liko chini kando ya barabara, hatua kama mia hivi. Umeme uko juu, gari liko chini.

Nakijwa alikuwa wa kwanza kufika. Alizunguka, akapima, akasema, "Mwalimu, gari hili likichaji ni kama umechomeka pasi saba kwa mpigo, tena kwa saa nyingi mfululizo. Linataka waya wake mnene, utoke kwenye meinswichi moja kwa moja, na swichi yake ya kujikata umeme ukizidi. Na linataka waya wa ardhi. Ukilifanyia mzaha litakuchomea nyumba."

Mwalimu akacheka mbele ya watu. "Binti, nimefundisha sayansi miaka thelathini. Umeme si kazi ya wanawake. Rudi nyumbani ukapike."

Nakijwa alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akaondoka bila kuaga.

Kazi akapewa Sangiwa, mpwa wa Mwalimu, kijana wa maneno mengi. Alichukua waya mwembamba wa kuwashia taa, akauunga kwenye soketi ya jikoni, akaupitisha hewani juu ya miti mpaka bandani. Mwalimu alipouliza kama unatosha, Sangiwa alijibu, "Mjomba, waya ni waya."

Siku ya tatu Mwalimu alikwenda msibani, akaacha gari linachaji. Jua lilikuwa utosini. Shangwe alikuwa anapita na mzigo wa majani akaona moshi chini ya paa la banda. Waya ulikuwa umeyeyuka kwenye kiungo, na ukuta wa mbao umeshika moto, shubiri mbili kutoka kwenye gari.

Alijua kwamba akimwagia maji na umeme bado upo, atakufa yeye. Akatupa mzigo akapanda mbio hatua zote zile. Mlango ulikuwa umefungwa. Akachukua jiwe akauvunja, akaingia, akashusha meinswichi. Kisha akateremka tena mbio, akautandika moto kwa majani yake mabichi na udongo mpaka ukazimika. Mbao moja ikamwangukia, ikamuunguza mkono wa kulia kuanzia kwenye kiwiko hadi kiganjani.

Mwalimu aliporudi alipitia njia ya juu. Hakuona banda, aliona mlango. Na alimwona Shangwe, ambaye alikuwa amepanda tena kutafuta maji ya kupooza mkono.

"Mwizi!" alifoka, na waombolezaji wote nyuma yake wakasimama. "Mchana kweupe unanivunjia mlango!"

Shangwe aliinua ule mkono, ngozi inaning'inia. "Ndiyo, Mwalimu. Nimekuja kuiba moto. Kauangalie huko chini kama nimeumaliza."

Akaenda zake. Mwalimu alipofika bandani akaona mbao zilizokuwa makaa na gari limesalimika, alikaa chini kwenye majivu. Alipoinuka alikuwa mtu mwingine, ila si mpole. Alimfuata Sangiwa mpaka gulioni akiwa amebeba ule waya ulioungua, akamtupia usoni mbele ya wauza ndizi. "Waya ni waya? Basi uule! Mwanamke wa watu ameungua kwa sababu yako!"

"Na kwa sababu ya nani mwingine, mjomba?" Sangiwa akauliza. Mwalimu akageuka na hasira zake, akaondoka.

Kwa Nakijwa alikwenda mwenyewe, kofia mkononi. Nakijwa alimwacha asimame mlangoni muda wa kutosha kuchambua sufuria nzima ya mchele. Kisha akasema, "Nitakuja. Lakini wewe ndiye utakayenishikia waya. Na kila nitakachokuagiza, utanijibu, 'Ndiyo, fundi.'"

Mwalimu akajibu, "Ndiyo, fundi."

Lakini upande wa Mwalimu, kutoka nyumbani hadi bandani, wote ni jabali. Nakijwa alipiga sururu mpaka ncha ikapinda. Hapakuwa na pa kuchimba mtaro wala pa kuzamisha fimbo ya shaba ya waya wa ardhi, ambayo hutaka udongo wenye unyevu. Njia ilikuwa moja tu, kupita katikati ya kahawa ya Bi Rukia.

Hapo sasa. Miaka kumi na mmoja Mwalimu na Bi Rukia walikuwa hawajasalimiana. Walishitakiana kwa mpaka wa shamba. Bi Rukia hajui kuandika, na Mwalimu aliandika kurasa sita kwa mwandiko wake mzuri. Baraza la ardhi likampa Mwalimu ushindi na kipande cha ardhi. Bi Rukia alisema siku ile kwamba mguu wa Senzighe ukikanyaga kahawa yake tena, ataukata.

Nakijwa ndiye aliyekwenda kumwomba. Bi Rukia alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja. "Hilo gari linabeba nani?"

"Wagonjwa, Bi Rukia. Na wajawazito."

Mama yule aliingia ndani akatoka na jembe. Miti kumi na minne ya kahawa ilikuwa katika njia ile, yote ilipandwa na marehemu mumewe. Aling'oa yote kwa mikono yake. Mwalimu alipokuja kusaidia kuchimba alimzuia kwa mpini wa jembe. "Ishia hapo. Wewe sikupi kitu. Nampa mwanamke atakayekuwa anavuja damu. Mtaro nitauchimba mwenyewe." Akauchimba wote, mpaka kwenye unyevu wa mfereji wake, ambako fimbo ya shaba ilizama kama kijiti kwenye ugali.

Nakijwa alifanya kazi siku nne. Alilaza waya mnene ndani ya bomba, akaufukia, akafunga swichi yake, akafunga chaja ukutani, akajaribu, akafungua, akafunga upya. Kiungo kimoja kilipomtia shaka alikikata akakirudia kuanzia mwanzo. Mwalimu alishika waya na kusema "Ndiyo, fundi" mpaka watoto wa jirani wakaifanya kuwa wimbo.

Wiki mbili zikapita. Siku ya gulio, saa nne asubuhi, mvua inanyesha, Anande, mke wa mtoto wa mwisho wa Mwalimu, mimba ya miezi minane, alianza kutokwa na damu nyingi. Magari yote ya kijiji yalikuwa yameshuka Mwanga na watu wa gulio. Pikipiki haikufaa, hakuweza hata kukaa. Lile gari dogo lilikuwa bandani, limejaa umeme pomoni. Walimteremsha mikononi, Mwalimu akashika usukani, wakaenda.

Daktari alimtoa mtoto kwa upasuaji. Baadaye alimwambia Mwalimu, "Mzee, mngechelewa nusu saa nisingekuwa na la kukwambia." Mama alikuwa hai. Mtoto alikuwa hai, wa kike, analia kwa hasira.

Mwalimu alilia kwenye korido ya hospitali, mbele ya wauguzi na ndugu, akaapa kwa kaburi la mkewe, "Yule aliyelifanya gari hili liwe na umeme leo, mjukuu wangu atachukua jina lake!"

Kiapo kilifika kijijini kabla ya gari. Siku ya kumpa mtoto jina walikuja wote watatu, na hakuna aliyekaribishwa akakaa.

Nakijwa akaanza. "Sitaki kuzunguka. Ameapa kwa aliyelifanya gari liwe na umeme. Nani alileta umeme bandani? Mimi. Nilitukanwa, nikarudi, nikafanya kazi ambayo mwanamume wenu aliiharibu. Mtoto ni Nakijwa."

"Umeme ungeingia kwenye gari lipi?" Shangwe akauliza. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekunjamana kama ganda la mti, na panga alikuwa ameanza kulishika kwa kushoto. "Kwenye majivu? Wewe ulionya ukaenda zako. Mimi sikuitwa na mtu. Nilikimbia, nikaungua, nikaitwa mwizi. Mtoto ni Shangwe."

Bi Rukia akapiga fimbo yake sakafuni. "Nyinyi mlitoa kazi na mbio. Mkono utapona na ufundi unabaki. Mimi nimeng'oa miti ya mume wangu, hairudi tena! Na nimemwachia njia mtu aliyenidhulumu. Gari lenu zima na ufundi wenu wote vingekaa pale kama mapambo. Mtoto ni Rukia."

"Mkono utapona?" Shangwe akamsogelea. "Hebu ushike basi, uniambie unapona lini!"

Watu wakaingia kati. Mwalimu akainua sauti ya darasani. "Basi! Apewe majina yote matatu."

"Na litakaloitwa ni lipi?" Bi Rukia akamgeukia. "Jina la tatu haliitwi na mtu. Linakaa kwenye karatasi, na wewe kwa karatasi nakujua!"

"Hata hivyo mimi ndiye niliyeendesha..." Mwalimu akaanza.

"Nyamaza!" walimwambia wote watatu kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la pekee walilokubaliana siku ile.

Ndipo Anande akatoka chumbani, anatembea ameinama kwa sababu ya mshono, mtoto kifuani. Hakuwahi kumpandishia baba mkwe wake sauti, lakini siku ile alimpandishia.

"Baba, uliapa mimi nikiwa nimelazwa sina fahamu. Hukuniuliza. Na nyinyi mama zangu, nawaheshimu, nawashukuru wote, ila mmekuja kumgombania mwanangu kama kitenge cha sokoni. Sikatai kiapo. Mtu akiapa kwa kaburi, hatuwezi kukitengua. Lakini mimi sitachagua. Nikimpa mmoja, nitapita vipi mlangoni kwa wale wawili? Mniambie ni nani, na sababu yake, na wengine wawili waikubali. Mpaka hapo ni mwanangu, basi."

Akarudi ndani akafunga mlango.

Miezi mitatu imepita. Shangwe hamsalimii Nakijwa. Nakijwa hakanyagi kwa Bi Rukia. Bi Rukia amesema hataufukua waya, kwa sababu ya wagonjwa, ila kila asubuhi anakwenda kuutazama ule mstari mtupu katikati ya kahawa yake. Gari limeshawashusha wagonjwa tisa. Kadi ya kliniki imeandikwa "Mtoto wa Anande", na muuguzi amesema Jumatatu ijayo anataka jina, moja, lililo kamili.

Basi nyinyi mliokaa hapa mkisikiliza, msiniambie wote watatu, hilo limeshakataliwa. Msiniambie hakuna, kiapo kipo. Aliyeungua, aliyeunga waya, au aliyeng'oa miti yake: wewe ungempa mtoto jina la yupi? Na wale wawili wakikusimamia mlangoni na hasira zao, ungewaambia nini?