Kitumbua cha Juu

Palikuwa na tajiri mmoja akiitwa Bwana Khelef, muuza nguo, mcha Mungu wa mdomoni. Nusu ya nyumba za Mtaa wa Kisimani ziliwekwa rehani kwake. Siku moja akagundua jambo likamkosesha usingizi: watu wanalipa! Wakiachwa hivi hivi watamaliza, na nyumba zitarudi kwa wenyewe. Basi akatoa amri. Kila mwenye rehani aivunje ya zamani, aandike mpya. Asiyetaka, alipe yote yaliyobaki kufikia Ijumaa.

Kwa Bi Mize alikwenda mwenyewe. Bi Mize alikuwa mjane, muuza vitumbua, na ulimi wake ulikuwa na moto kuliko jiko lake. Nyumba ile aliachiwa na marehemu mumewe, na hakuwa na pengine pa kulaza ubavu.

"Sasa unalipa rupia mbili kila mwezi," alisema Bwana Khelef. "Andika mpya, utalipa moja. Mzigo mwepesi!"

"Mpaka lini?"

"Aa, Bi Mize! Usihesabu siku. Siku ni za Mungu. Wewe tazama wepesi wa mzigo."

"Rehani ya sasa inakwisha kabla ya Ramadhani. Hiyo mpya je?"

"Mjukuu wako atamalizia."

"Sina mjukuu, bwana."

"Mungu hashindwi. Halafu kuna kidogo cha juu."

"Yaani riba?"

"Astaghfirullah! Mimi nile riba? Hiyo ni shukrani."

Bi Mize akageuka kuchochea jiko lake. Aliogopa, tusifichane. Kulipa yote kufikia Ijumaa, angelipa na nini? Na kukubali ni kupanga nyumba yake mwenyewe mpaka kaburini. Jirani yake Raya alikuwa akimkonyeza pale uani. "Kubali, somo yangu, upumue. Mtaa mzima umekubali."

"Ijumaa nitakujibu," Bi Mize akamwambia tajiri.

"Vyema. Siku hiyo namwoza binti yangu. Lete vitumbua mia mbili, na jibu juu yake."

Ijumaa ikafika. Watu wametoka kuswali, wamejaa barazani kwa Bwana Khelef, kadhi mbele, wakwe wapya kando yake, kahawa imeshamiminwa. Bi Mize akaja na sinia kichwani, kawa juu yake. Akalitua mbele ya tajiri. Tajiri akafunua.

Kitumbua kimoja.

"Vingine viko wapi?"

"Vinakuja, bwana. Leo kimoja, kesho kimoja."

"Wageni wangu wana njaa leo!"

"Usihesabu siku. Siku ni za Mungu. Wewe tazama wepesi wa sinia."

"We mwanamke! Kimoja kimoja, mgeni wa mwisho atakula lini?"

"Mjukuu wake atamalizia."

Kadhi akapaliwa na kahawa. Alipopata pumzi akauliza, "Mama, maneno haya umefunzwa na nani?"

"Mwalimu wangu ndiye huyu, Sheikh." Akaeleza habari ya rehani, ya zamani na mpya, tangu mwanzo. Wakwe wakamtazama Bwana Khelef kama watu waliouziwa samaki wa juzi.

"Basi!" tajiri akasema, jasho likimtoka. "Rehani yako ibaki ile ile ya zamani."

"Na za mtaa?" akauliza kadhi.

"Na za mtaa! Lete vitumbua!"

Bi Mize akapiga kofi. Raya na wanawake wa Kisimani wakatokea nyuma ya nyumba na masinia yao, vitumbua vingali vya moto. Wageni wakashangilia, mikono ikanyooka. Lakini Bwana Khelef, hata siku ya harusi hawezi kujizuia, akawazuia kwanza ahesabu. Akahesabu, akarudia, akakunja uso.

"Mia mbili na kimoja. Hiki cha juu ni cha nini?"

"Hicho, bwana, uani kwangu ulikiita shukrani," akasema Bi Mize. "Kadhi huyu hapa. Mwambie wewe mwenyewe jina lake."