Banda Lililofagiwa

Ndugu zangu, kulikuwa na mjane mmoja aliyeishi na wajukuu wanne. Kila mwaka kanisa lilimsaidia, na kila mwaka alibaki vilevile. Watu wakachoka. Wakaanza kusema yule mama ni mvivu, ukimpa kitu anakitia tumboni tu. Basi mzee mmoja wa kanisa akatumwa aende akamwambie kwamba jina lake linafutwa kwenye orodha ya wanaosaidiwa.

Mzee yule alikuwa mdadisi, si mtu wa kutoa tangazo na kugeuka. Alipofika uani akaona banda la kuku, fito zimefungwa vizuri, limefagiwa asubuhi hiyohiyo. Akachungulia. Kuku hakuna hata mmoja. Niambieni, mvivu gani anafagia banda lisilo na kuku?

Alipokaribishwa ndani akaona cheti ukutani, kimefunikwa nailoni kisichafuke. Pazia la mlangoni limeshonwa kwa mifuko ya unga.

"Mama, cheti hiki cha nini?"

"Cha semina ya kufuga kuku, Mzee. Wanakwaya walituletea mwalimu, akatufundisha siku tatu, nikarudi nikajenga hilo banda. Ila kuku sikuwa nao."

"Kwani hukupewa?"

"Nilipewa, mwaka uliofuata. Mlileta sita. Lakini ilikuwa Februari, ndani hamna kitu, watoto wamelala njaa siku mbili. Nikawachinja mmoja mmoja, huku nalia."

"Na unga?"

"Unga walileta akina mama mwaka jana. Mungu awabariki, tulishiba miezi mitatu. Miezi ile kuku wangesalimika, Mzee. Lakini walikuwa wamekwisha."

Mzee akaona haya, maana sasa alikumbuka kwamba aliyeleta wale kuku sita ni yeye. Aliwashusha, akasali, akaondoka, wala hakurudi kuuliza kama wanataga. Akasema, "Sasa mama, safari hii tukuletee nini?"

"Msilete kitu kwanza. Kutaneni."

Mmesikia? Hakuomba kuku wa saba! Aliomba wanaompa wazungumze wao kwa wao.

Hebu fikirini. Unga ungefika wiki moja na kuku, nani angeshika kisu? Mwalimu angekuja kuku wakiwepo, angemwonyesha kwa mikono yake. Na kama mtu mmoja tu angebisha hodi kila Jumamosi, si angemwona mapema kuku aliyeanza kusinzia kwa ugonjwa? Vitu ni vilevile, watu ni walewale.

Mama huyu nimemtunga, msihangaike kumtafuta. Lakini haya mabenchi sikuyatunga. Akina mama mnaochanga unga, mmekaa pale kushoto. Kamati ya kusaidia wajane, mnaogawa kuku, nyinyi hapa kulia. Kwaya iko nyuma yangu. Kati yenu ni hatua nne, na sijawahi kumwona mtu akizivuka kwenda kumuuliza mwenzake, "Wewe umempelekea nani nini?" Inaniuma kusema, lakini sisi maskini wetu hatuwanyimi. Tunawapa kila kitu, kila mtu kwa siku yake, halafu tunawaita wavivu.

Kwa hiyo baraka ya mwisho siitoi bado. Inukeni, vukeni, ulizaneni, na mniambie ni nani anakwenda kubisha hodi Jumamosi. Mimi nimesimama hapa, nangoja.