Udongo wa Kiondo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, watu walipoanza kuzifundisha mashine kuona, aliishi Upare mchimba jasi aitwaye Kiondo, na mkewe Nakijwa. Kiondo akakohoa mwezi, akakohoa wa pili. Nakijwa akampeleka kituo cha afya kupigwa picha ya kifua. Mashine ikaitazama ile picha, ikasema: safi.

Mwaka haujaisha, Kiondo yuko kitandani, mifupa mitupu, anatema damu. Akamshika mkewe mkono.

"Mama Senzia, yule ambaye jicho lake limeniua asinitupie udongo. Niapie."

Nakijwa akaapa. Kiondo akakata roho.

Siku ya mazishi wakasogea kaburini watu watatu, kila mmoja na udongo mkononi. Nakijwa akawazuia. "Semeni kwanza."

Akasema Mrutu, aliyeifundisha mashine: "Niliionyesha maelfu ya picha. Za wagonjwa zote zilitoka hospitali moja kubwa, ambako anayepigwa picha huwekewa herufi ya chuma begani, nayo hutokea pichani. Za wazima nilizitoa kwingine, hazina herufi. Kumbe mashine ilijifunza herufi, mapafu haikuyajua! Hapa kwenu herufi haiwekwi, basi kila mtu akawa mzima. Lakini mimi Kiondo sikumwona hata siku moja."

Akasema Naetwe, mpiga picha za kifua pale kituoni: "Mimi nilimwona. Miezi mitatu mashine haikutaja mgonjwa hata mmoja, na milima yote hii inakohoa. Nikajua kuna kasoro. Nikaogopa kuonekana mshamba, nikanyamaza. Lakini kusoma picha si kazi yangu."

Akasema Daktari Msangi: "Ni kazi yangu. Kivuli nilikiona, nikakiwekea kidole. Mashine iliposema safi nikatazama tena, na Mungu ni shahidi, sikukiona. Niliona ubavu tu. Lakini sikudanganya, mama. Macho yangu yalinigeuka."

Watu wakaguna. Wengine wakataka wote watatu wafukuzwe.

Nakijwa hakumfukuza mtu. Alikuwa anaikumbuka leso ambayo mumewe alikoholea. Aliifua mwenyewe kila asubuhi, akaiona damu kwa macho yake, kisha akamtupia mumewe cheti cha mashine: "Umeambiwa mzima! Amka, jasi haijichimbi." Na Kiondo akaenda machimboni, miezi minne.

Hayo hakuyasema. Aliinama, akachota udongo, na mkono ukamganda juu ya kaburi huku watu wote wakimngoja aanze.

Haya, nyie mnaonisikiliza, msiangalie chini. Kiapo kiliapwa. Katika hao wanne, je, jicho la nani lilimuua Kiondo? Nani alistahili kunyimwa udongo?